Uzito wa Bunduki

Katika msimu wa tano wa Stargate SG-1 kuna tukio fupi ambalo kwangu linapita mapigano yote ya miaka kumi ya tamthilia hiyo. Kipindi chenyewe kinaitwa The Warrior. Waasi wa Jaffa, wapiganaji waliolelewa tangu utotoni kuwatumikia watawala wanaojifanya miungu, wamekusanyika kambini na mikuki yao inayotema moto. Kanali Jack O'Neill, anayeigizwa na Richard Dean Anderson, anaushika mkuki mmoja na kuwaeleza kuwa silaha ile imeundwa kumtia adui hofu. Kisha anainua bunduki fupi nyeusi aliyokuja nayo kutoka duniani na kusema hii imeundwa kumuua. Gogo linaning'inizwa kwa kamba na kusukumwa libembee. Jaffa mmoja analifyatulia mkuki wake. Baada yake Meja Samantha Carter analielekezea ile bunduki, analichana kwa mfululizo wa risasi, na kamba yenyewe anaikata.

Wapo wanaolitazama tukio hilo kama majigambo ya Wamarekani. Mimi naliona kuwa mojawapo ya nyakati chache ambapo bunilizi ya sayansi kwenye televisheni imetulia na kuuliza yale ambayo jeshi lolote linapaswa kujiuliza kabla ya kununua silaha: kitu hiki ni cha kazi gani, na atakayekibeba atapata tabu gani? Mkuki wa Jaffa unakaribia urefu wa mtu. Hauna kitako cha kuegemeza begani wala kilengeo cha kukazia jicho, kwa hiyo anayeutumia hupiga kutoka kiunoni kwa kukisia. Waandishi wa tamthilia waliurithi kutoka kwenye filamu ya Stargate ya mwaka 1994, ambako ulipendeza mikononi mwa walinzi waliovaa kama miungu ya Misri ya kale. Wangeweza kuuficha udhaifu wake. Waliamua kuufanya hoja ya hadithi: watawala wale hawakuhitaji jeshi lenye shabaha, walihitaji jeshi ambalo wanakijiji wataliona kwa mbali na kupiga magoti.

Ninachoamini ni hiki. Vita vya angani kwenye skrini huanza kuwa vya kweli pale silaha inapomgharimu mtu anayeibeba. Umbo la bunduki, rangi ya sare na jina la cheo vinasaidia, na nitavisemea kwa sababu navipenda. Lakini vipo vipindi vilivyopata baraka za majenerali vikakosa jambo hilo, na vipo vilivyopigwa picha kwenye mapango ya plastiki vikalipata.

Ile bunduki ya Carter ni P90, inayotengenezwa na kampuni ya FN Herstal ya Ubelgiji, na ilianza kutoka kiwandani mwaka 1990. Ni kifaa cha ajabu hata kwa wanaojua silaha. Urefu wake ni sentimita 50, na bila risasi haifikii kilo 3. Magazini yake hulala juu ya mtutu, ina risasi 50 zilizopangwa kwa kukingama, na kila risasi huzungushwa kabla ya kuingia kwenye chemba. Plastiki ya magazini inaonyesha ndani, kwa hiyo askari huona kwa jicho zimebaki ngapi. Maganda hayaruki pembeni kama kwenye bunduki nyingi, yanaanguka chini. Nato ilikuwa ikitafuta silaha ya kuwapa madereva, wapiga mizinga na mafundi wa mawasiliano, watu ambao kazi yao si kupigana ana kwa ana lakini huenda siku moja wakamkuta adui mlangoni. Adui huyo alitarajiwa kuwa amevaa fulana ya kuzuia risasi, na ndiyo maana risasi ya P90 ni ndogo, nyepesi na yenye kasi kubwa ya kupenya.

Ukijua hayo, chaguo la watengenezaji wa Stargate linaeleweka. Misimu ya mwanzo mashujaa walibeba MP5 ya Ujerumani, silaha inayotumia risasi za bastola. Wanapigana na watu waliovaa vyuma kifuani. Silaha iliyobuniwa kupenya kinga ya mwili inastahili kuwa mikononi mwao, na mwandishi hahitaji kueleza neno. Tena kulikuwa na faida ya kazini: waigizaji wanne wanaosimama bega kwa bega wakipiga risasi baridi hawarushiani maganda ya moto usoni, kwa kuwa yote yanashuka miguuni. Na kamera inapenda bunduki fupi, kwa sababu haiuzibi uso wa mwigizaji.

Bunduki hiyo haikuwa ya kubuni. Tarehe 22 Aprili 1997, miezi mitatu kabla Stargate SG-1 haijaanza kurushwa, makomando wa Peru waliivamia nyumba ya balozi wa Japani mjini Lima, ambamo waasi wa MRTA walikuwa wameshikilia mateka kwa miezi minne, na P90 zilikuwa miongoni mwa silaha zao. Vyumba, ngazi, milango, umbali wa hatua chache: hapo ndipo silaha ile inapoonyesha thamani yake. Ukiipeleka msituni inaanza kulegea, kwa kuwa nguvu yake hupungua haraka kadiri shabaha inavyokuwa mbali, na zaidi ya mita 200 si ya kutegemewa. Sasa kumbuka kwamba tamthilia hii ilipigwa picha Vancouver, Kanada, na kwamba karibu kila sayari waliyoifikia mashujaa ilikuwa msitu wa misonobari. Kikosi kinachovuka mabonde ya msitu kikiwa na bunduki nne za masafa mafupi kinajitafutia msiba. Angalau mmoja wao alihitaji bunduki ndefu, na mwingine bunduki kubwa ya rashasha ya kuwalaza adui chini huku wenzake wakisogea.

Jeshi la Anga la Marekani liliisaidia tamthilia hii kwa karibu. Ofisi yake ilisoma miswada, ikasahihisha sare, vyeo na namna ya kupiga saluti. Wakuu wawili wa jeshi hilo waliokuwa madarakani, Jenerali Michael Ryan na baada yake Jenerali John Jumper, walijitokeza kwenye vipindi wakiigiza nafasi zao wenyewe, na Anderson alipewa ubrigedia wa heshima mwaka 2004. Don S. Davis, aliyeigiza Jenerali Hammond, alikuwa amepata kuwa kapteni wa jeshi la nchi kavu. Faida ya msaada huo inaonekana: watu wanasimama kama askari, wanajibu kama askari, na amri inashuka kwa ngazi zake.

Lakini jeshi linaloazima sare zake hujua kusahihisha kifungo kilichokaa vibaya kuliko kusahihisha mambo ambayo hadithi nzima imejengwa juu yake. Kanali wa Jeshi la Anga huongoza maelfu ya watu. Hapa anaongoza watatu, na mmoja wao ni mwanaakiolojia. Kikundi cha watu wanne ni kipimo sahihi, ndicho kikosi cha chini kabisa cha askari wa miguu wa Marekani, ila kiongozi wake huwa koplo au sajenti, kijana wa miaka ishirini na kitu mwenye matope magotini. Televisheni haimpendi kijana huyo kwa sababu hana mamlaka ya kubishana na jenerali wala kuamua hatima ya sayari, na hadithi za kila wiki zinahitaji mtu wa kuamua. Star Trek ya 1966 ilikuwa imeshafungua njia hiyo kwa kumshusha nahodha mwenyewe, na mara nyingi msaidizi wake pia, kwenye sayari wasiyoijua, bila kofia ya chuma wala fulana ya kinga. Gene Roddenberry, muasisi wake, alikuwa amerusha ndege za B-17 huko Pasifiki katika Vita vya Pili vya Dunia. Alijua vizuri kwamba kamanda hafanyi hivyo. Aliandika alichokihitaji.

Mahali ambapo Stargate ilifikiri kijeshi kwa dhati ni kwenye lango lenyewe, lile ambalo mashujaa hulipitia kwenda sayari nyingine, na hapa nawapa waandishi heshima kamili. Lango ni tundu moja. Unatokea upande wa pili mmoja mmoja, hujui kuna nini, huwezi kurudi kwa njia hiyo hiyo mpaka lifungwe na kufunguliwa upya, na adui anajua hasa utatokea wapi. Kila askari aliyewahi kufundishwa kuingia kwenye chumba chenye watu wenye silaha anajua kuwa sehemu ya kufia ni mlangoni. Kwa hiyo wanatuma kwanza gari dogo lisilo na mtu, lenye kamera na vipimo vya hewa. Nyumbani, lango limefunikwa kwa ngao ya titani inayofungwa na kufunguliwa, na anayerudi lazima atume alama yake ya siri kabla haijafunguliwa. Asiyeituma atajigonga kwenye chuma. Bunduki nzito zimewekwa zikielekea tundu hilo saa zote. Lango haliwezi kukaa wazi zaidi ya dakika 38, na kutokana na sheria hiyo moja waandishi walipata mizingiro, marudi nyuma na mahesabu ya muda yenye mantiki kamili. Mtu aliyeketi na kujiuliza angelilinda vipi tundu la namna ile angefikia majibu yaleyale.

Kisha wanatoka upande wa pili na kutembea wakiwa wamesongamana.

Hili ni kosa la karibu kila tamthilia, na chanzo chake ni fremu ya kamera. Askari wa doria huachana mita tano, kumi, na mahali pa wazi zaidi ya hapo, ili guruneti moja au rashasha moja isiwapate wote. Ukiwapiga picha hivyo unapata nukta nne kwenye majani, na mazungumzo hayawezekani. Kofia ya chuma nayo huficha nywele na kutia kivuli machoni, basi mashujaa huvaa kapelo. Kwenye tamthilia za anga kofia ya suti huwekewa taa ndani inayommulika mvaaji usoni, jambo ambalo hakuna mwanaanga angelikubali, kwa kuwa angejiona mwenyewe kwenye kioo na asione giza la nje. Siwalaumu waongozaji. Uso wa mtu ndio chombo chao kikuu cha kazi. Ninachodai ni kwamba mtazamaji ajue deni hilo lipo, na kwamba mwandishi mzuri hutafuta njia ya kulilipa mahali pengine.

Uzito ndio deni kubwa kuliko yote. Mwaka 2003 jeshi la Marekani lilipima mizigo ya askari wake wa miguu nchini Afghanistan, na kile ambacho askari alikuwa nacho mwilini wakati wa mapigano, begi la safari likiwa limeshawekwa chini, kilikaribia kilo 29 kwa wastani. Maji, betri, risasi, bamba za kifuani, redio, dawa. Mtu mwenye kilo 29 haruki ukuta. Anapumua kwa mdomo, anapiga goti kwa hesabu, na baada ya mbio za mita 50 mtutu wake unayumba kwa mapigo ya moyo. Wasomaji wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulikumbuka hili kuliko wengine: katika Vita vya Kwanza vya Dunia makumi ya maelfu ya wapagazi wa kanda hii walikufa kwa njaa na maradhi wakiwabebea wazungu risasi na unga. Kila vita ina wabebaji. Kwenye televisheni ya anga hawapo. Mashujaa wanatoka langoni na begi lililojaa sponji, wanalala msituni siku tatu, na magazini haziishi.

Tuiache ardhi, maana fizikia ya ombwe ina utamu wake.

Kwenye tamthilia ya Firefly ya mwaka 2002 kuna bunduki kubwa iliyopewa jina la Vera. Inatakiwa ipigwe nje ya chombo, kwenye ombwe, na inaelezwa kwamba inahitaji oksijeni, kwa hiyo wanaifungia ndani ya suti ya anga na kupiga kupitia kioo cha kofia. Ni tukio zuri, na kwa bunduki za kwetu si kweli. Baruti ya kisasa hubeba oksijeni yake ndani ya kemikali zake. Ingekuwa inategemea hewa isingewaka ndani ya ganda lililofungwa kwa shaba na risasi. Bunduki ya kawaida hupiga kwenye ombwe. Matatizo yake yapo kwingine: mtutu hupoa polepole mno kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua joto, mafuta ya kulainisha hutoweka, na mpigaji hana ardhi ya kukanyaga.

Hilo la mwisho tulifanyie hesabu, kwa kuwa wengi hulipuuza na wengine hulikuza kupita kiasi. Risasi ya P90 ina gramu 2 na hutoka kwa mita 715 hivi kwa sekunde. Mwanaanga na suti yake tuseme ni kilo 150. Risasi moja itamsukuma nyuma kwa kasi ya sentimita moja kwa sekunde, ambayo hataihisi. Magazini nzima ya risasi 50, ambayo kwa mwendo wa bunduki hiyo humalizika kwa sekunde tatu na kidogo, itampa karibu nusu mita kwa sekunde. Dakika moja baadaye yuko mita 30 kutoka alipokuwa na bado anakwenda. Na kwa kuwa bunduki iko begani, juu ya kitovu cha uzito wake, atakuwa anabingirika. Warusi walilijua hili mapema. Kituo chao cha kijeshi kilichorushwa mwaka 1974 kwa jina la Salyut 3 kilikuwa na mzinga, na walipoujaribu mapema mwaka 1975, bila watu ndani, waliwasha injini za kituo wakati huohuo ili mateke ya mzinga yasikipeleke mrama.

Tamthilia iliyolichukulia somo hili kwa uzito ni The Expanse, vipindi 62 kati ya 2015 na 2022, kutokana na vitabu vya Daniel Abraham na Ty Franck wanaoandika kwa jina moja la James S. A. Corey. Msimamizi wake mkuu, Naren Shankar, ana shahada ya uzamivu katika fizikia, na inaonekana. Vyombo vinapopunguza mwendo hugeuza mkia mbele na kuwasha injini. Anayeongeza kasi anapata uzito. Anayezima injini anaelea. Rubani anayekata kona kali huchomwa dawa ili asizimie wala mishipa yake isipasuke, na bado wapo wanaokufa. Makombora hukabiliwa na mizinga midogo inayotapika risasi za chuma kwa maelfu, na risasi hizo huisha, watu huzihesabu. Katika msimu wa nne, chombo kinachopoteza nguvu za injini kinatumia teke la mzinga wake mkuu kujisukuma kisianguke kwenye sayari. Sijui tukio jingine kwenye televisheni ambapo kanuni ya Newton imepewa kazi ya mhusika.

Kipindi cha nne cha msimu wa kwanza, CQB, ndicho ninachowaonyesha wanaoniuliza uhalisia ni nini. Mashujaa wetu wamefungwa kwenye viti ndani ya Donnager, meli kubwa ya kivita ya Mirihi. Hawaoni vita. Chumba ni kidogo, kuna mitetemo, watu wanaongea. Kisha kitu kinapita ukuta hadi ukuta, haraka kuliko jicho, na mmoja wao aliyekuwa katikati ya maneno hana tena kichwa. Hakuna mlipuko. Kuna matundu mawili, hewa inatoka, damu inaelea, na waliobaki wana sekunde chache za kuziba matundu kwa vitu walivyovikuta karibu, mwili wa mwenzao ukiwa bado kwenye kiti. Aliyeandika tukio hilo alielewa kwamba katika vita vya masafa marefu mtu wa kawaida hapigani na mtu. Anakaa mahali alipoambiwa akae, na namba zinaamua.

Baadaye, wakiwa na chombo chao wenyewe, watu haohao huvaa suti kabla ya mapambano na kuitoa hewa yote vyumbani. Mantiki yake ni safi: chombo kisicho na hewa hakiwaki moto, na tundu haliwezi kunyonya kilichokwisha kutolewa. Tazama walivyojifunza. Utaratibu huo haukutangazwa na ofisa yeyote mbele ya ubao. Umetokana na yule aliyekufa kwenye kiti. Jeshi la kweli hujenga kanuni zake kwa njia hiyo, na ni nadra kuona tamthilia ikiwa na subira ya kuonyesha kanuni ikizaliwa.

Battlestar Galactica ya Ronald D. Moore ilikwenda njia nyingine. Silaha zake ni za kizamani kwa makusudi: risasi, makombora, simu zenye waya, kompyuta zisizounganishwa ili adui asiingie. Kipindi chake cha kwanza baada ya utangulizi, 33, kilirushwa Uingereza Oktoba 2004 na kikapata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Adui hutokea kila baada ya dakika 33. Msafara wa manusura huruka kwenda mahali pengine, na dakika 33 baadaye adui yupo. Hili limeendelea zaidi ya mara 200, siku tano, hakuna aliyelala. Marubani wanapewa vidonge vya kuwaweka macho. Mikono inatetemeka, watu wanagombana kwa mambo madogo, na katika hali hiyo wawili kati yao wanaamriwa kuitungua meli ya abiria ya msafara wao wenyewe inayoshukiwa kuwa ndiyo inayowaongoza adui.

Vidonge hivyo si vya kubuni. Marubani wa Jeshi la Anga la Marekani walipewa dawa za aina hiyo kwa safari ndefu, na usiku wa tarehe 17 Aprili 2002 karibu na Kandahar, rubani wa F-16 aliwadondoshea bomu askari wa Kanada waliokuwa kwenye mazoezi, akaua wanne. Katika kesi iliyofuata mawakili wa utetezi walizitaja dawa hizo. Sisemi kwamba kipindi cha 33 kilitungwa kutokana na msiba ule. Nasema kwamba mtazamaji wa 2004 aliyejua habari za Kandahar alikuwa na kila sababu ya kuamini alichokiona. Uchovu una mbinu zake. Huamua nani atasikia amri vizuri na nani ataisikia vibaya, na hakuna bunduki inayouponya.

Namalizia na tamthilia ambayo kwa vifaa ni dhaifu kuliko zote nilizozitaja. Star Trek: Deep Space Nine ilirusha The Siege of AR-558 mwezi Novemba 1998. Askari hawana kofia za chuma. Silaha zao zinatoa miale. Adui anakuja wima bondeni, kama Jaffa. Na bado sijaona kipindi cha bunilizi ya sayansi kinachofahamu askari wa miguu kama hiki. Mwongozaji, Winrich Kolbe, alikuwa amepigana Vietnam. Watu wamelishikilia jabali moja lenye mtambo wa mawasiliano kwa miezi mitano bila kupokelewa, na waliokufa ni wengi kuliko waliobaki. Wanavizia kwa mabomu ya adui waliyoyatafuta na kuyategua. Mmoja anavaa shingoni vitu alivyokusanya kutoka kwa maiti za adui, na hakuna anayemuuliza. Wageni wanaofika na meli wanatazamwa kwa macho makavu, na baada ya dakika kumi unaelewa kwa nini. Nog, ofisa kijana mwenye shauku, anatumwa kupeleleza na anapigwa mguuni. Mguu unakatwa.

Kwa kawaida ya televisheni ya wakati ule, wiki iliyofuata angekuwa mzima. Dawa ya karne ya 24 inamuundia mguu mpya usio na kasoro, na madaktari hawaoni sababu ya maumivu. Yeye anachechemea na fimbo. Mwezi mmoja baadaye, katika kipindi cha It's Only a Paper Moon, Nog anahamia ndani ya ukumbi wa burudani wa kubuni, kwenye mji wa Las Vegas wa mwaka 1962, na anakataa kutoka. Ni kipindi kizima kisicho na risasi hata moja. Kuna kijana, fimbo, wimbo mmoja anaousikiliza kupita kiasi, na mwishowe maneno machache kuhusu jinsi alivyodhani kwamba yeye hawezi kufa, na kwamba sasa anajua anaweza. Aron Eisenberg, aliyemuigiza, alieleza kwamba askari wastaafu walimshukuru kwa kipindi hicho.

Vipindi vya mapigano huorodheshwa mara kwa mara na mashabiki, na hiki hakimo, kwa sababu hakina mapigano. Mimi ningekiweka cha kwanza, mbele ya gogo la Carter na mbele ya matundu mawili ya Donnager, kwa kuwa ile fimbo ya kutembelea ndiyo kifaa pekee cha vita katika sura hii ambacho uzito wake tunauona kwa dakika zote za kipindi.